Nesi Aliyemrudisha Mjukuu Wake Mlangoni

Arvella Stiltner alikuwa nesi wa shule yetu ya msingi kwa miaka ishirini na sita. Mimi nilikuwa mpishi pale pale, kwa hiyo haya sikuhadithiwa. Shule iko upande wa West Virginia, ukingoni mwa mto Ohio. Ukisimama uwanjani unaona nyumba za ng'ambo, jimbo jingine, hadi nguo walizoanika.

Kwenye chanjo Arvella hakuwa na mzaha. Mdogo wake, Dewey, aliugua surua akiwa na miaka minne, kabla chanjo haijafika kwetu milimani. Alipona, lakini masikio hayakupona. Arvella alikua akimwita mezani kwa kukanyaga sakafu kwa kishindo.

Binti yake wa pekee, Kendra, naye alikuwa na lake. Mwanawe wa kike, Oakley, alichanjwa alipotimiza mwaka mmoja. Siku ya nane homa ikampanda, akashikwa na degedege mikononi mwa mama yake, jikoni. Daktari alisema degedege ya namna hiyo inatisha lakini haiachi kitu, na kweli mtoto akaendelea kukimbia kama kawaida. Lakini Kendra alikuwa ameyaona macho ya mwanawe yakigeuka. Hakumpeleka tena.

Sheria ya jimbo letu ilikuwa moja: bila chanjo huingii shule ya serikali, isipokuwa daktari aandike sababu. Daktari alikataa kuandika. Agosti ile Oakley alipofikisha miaka mitano, Kendra alimleta hivyo hivyo. Nilikuwa napanga maboksi ya maziwa karibu na mlango wa nesi.

"Mama, mafaili unashika wewe," Kendra alisema kwa sauti ya chini. "Weka alama tu kwamba amechanjwa. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Huyu ni mjukuu wako!"

"Na wale wengine ni wajukuu wa watu. Kuna mtoto darasa la pili anatibiwa saratani ya damu. Yeye hawezi kuchanjwa, mwanangu. Kinga yake ni wenzake."

"Na wangu akishikwa tena? Wewe hukuwepo jikoni siku ile, Mama. Ulikuwa hapa, na watoto wa watu."

Arvella akachukua kalamu, akaandika barua ile ile ya kumrudisha mtoto nyumbani aliyokuwa akiwaandikia wazazi wengine. Oakley alikuwa amevaa begi pana kuliko mgongo wake.

"Bibi, nimekosa nini?" aliuliza.

Mwezi uliofuata bodi ya elimu iliita kikao cha kuwasikiliza wazazi kuhusu chanjo kwenye ukumbi wa michezo. Watu walijaa hadi ngazini. Mzee mmoja aliropoka, "Nesi, unatupanga foleni ya sindano kama ng'ombe wa mnadani!" Watu wakacheka. Kendra alisimama akaeleza habari ya jikoni, na kicheko kikakatika. Arvella akasimama akaeleza habari za Dewey. Mama na binti walizungumza kwenye kipaza sauti kimoja, hawakutazamana. Sheria ilibaki ilivyokuwa.

Oktoba Kendra alipanga nyumba ng'ambo ya mto, ambako sahihi ya mzazi ilitosha mtoto kuingia shule bila chanjo. "Usije mpaka nikuite," alimwambia mama yake.

Hakumwita. Ikapita miaka minne.

Kila siku, wetu wakiingia darasani baada ya mapumziko, Arvella alibaki kwenye uzio dakika chache. "Wa shule ya kule wanatoka sasa," aliniambia. Upepo ukivuma kutoka upande ule, kelele za watoto zilivuka maji, naye aliinamisha kichwa kutafuta sauti moja ambayo bila shaka ilikuwa imeshabadilika. Siku za kuzaliwa alituma kadi. Hazikurudishwa, wala hazikujibiwa.

Siku moja nilimuuliza, "Hujutii? Ilikuwa alama moja tu."

"Kichwani nimeiweka mara elfu," alisema. "Nikishaiweka, namwona yule mtoto wa darasa la pili." Mtoto huyo alikuwa amepona, yuko darasa la sita, na kwenye foleni ya chakula alinisumbua kuliko wote.

Alipostaafu, Jumamosi moja ya Aprili aliniambia, "Dada, nivushe daraja." Tulikwenda kwenye besiboli ya wasichana wa ng'ambo. Tulikaa mwisho kabisa wa viti. Alimtambua Oakley kwa jinsi alivyokimbia, magoti yakigongana. "Kama Dewey," alinong'ona.

Kendra alituona. Alikuja taratibu, akasimama.

"Umekuja bila koti, Mama. Na upepo huu unaujua."

"Nilisahau."

Alimpa blanketi lake, akaketi akiacha nafasi ya mtu mmoja katikati. Habari ya chanjo hakuna aliyeigusa. Mchezo ulipokwisha alisema, "Wiki ijayo wanaanza saa nne. Nyumbani bado, Mama. Lakini hapa sikukatazi."

Sasa tunavuka kila Jumamosi. Oakley anamsalimia kwa adabu, kama anavyomsalimia mama mzee yeyote aliyekuja kutazama, kisha anawakimbilia wenzake. Tukirudi, Arvella hugeuka kutazama ng'ambo mpaka tumeliacha daraja nyuma.