Mama Adolphine Ampelekea Adui Yake Makaa ya Moto

Saa kumi na mbili asubuhi, baridi ya Juni imekaza katika stesheni ya Kolwezi. Mama Adolphine anapita katikati ya magodoro na masanduku ya watu, sufuria ya bukari, yaani ugali, mkononi, na kichwani mbabula, jiko la makaa, likiwa linawaka.

"Mupishe! Moto unapita!"

Anakwenda kwa adui yake.

Adolphine, mwenye umri wa miaka hamsini na mmoja, mjane wa mchimbaji, huuza makaa. Kabla migodi haijaanguka aliuza magunia arobaini kwa mwezi. Sasa hafikishi kumi. Adui ni Kabedi, jirani yake wa ukuta mmoja, ambaye kwa miaka kumi na mmoja ameutangazia mtaa kwamba gunia la Adolphine ni makaa juu, majani chini.

Mwaka huu wa 1993, watu wenye asili ya mkoa wa Kasai wameamriwa warudi "kwao". Kabedi ni mmoja wao, ingawa alizaliwa Mutoshi, karibu na hapa. Hii ni wiki ya tano analala juu ya saruji akingoja treni, pamoja na mama yake mzazi, Ntumba, ambaye kifua kimembana kwa baridi.

Jumapili moja Mchungaji Mukuna alifundisha kwamba amlishaye adui yake humwekea makaa ya moto kichwani. Waumini waliitikia amina, wakaenda kula. Adolphine alikwenda kuchagua makaa.

"Pasta alisema chakula na makala," anaeleza; makala kwake ndiyo makaa. "Mi sikuongeza kitu."

Mchungaji alimsahihisha kwa upole: ule ni mfano tu.

"Mufano, Pasta? Mama Ntumba anatetemeka kwa mufano?"

Kwa heshima yake tuseme kwamba kesho yake mchungaji alileta blanketi.

Siku ya kwanza, langoni mwa stesheni, vijana wa kundi linalowafukuza watu wa Kasai walimzuia. "Mama, unalisha bageni?"

"Mugeni? Miaka kumi na moja tunagombana! Mugeni gani unagombana naye hivyo?"

Mmoja akatishia kuchoma akiba yake ya makaa.

"Choma, mwanangu. Ni makala. Inangojea tu hiyo."

Wenzake walimcheka, na lango likafunguka. Lililobaki gumu lilikuwa Kabedi. Siku tatu alikataa.

"Rudisha bitu byako. Afazali baridi."

Siku ya nne Ntumba hakuweza tena kuketi. Kabedi aliagiza gunia zima liletwe, akalimwaga mbele ya stesheni yote, akapekua hadi chini. Hakuona jani hata moja.

"Leo uliogopa Mungu," akasema.

"Mungu nilimuogopa zamani. Leo niliogopa weye."

"Muwashe kwanza!" akalia Ntumba kutoka chini ya blanketi. "Mutagombana tukiisha kupata moto!"

Tangu siku hiyo Ntumba anaketi na kula. Kabedi naye hula, akilalamika kwamba mboga haina chumvi, kisha anasogeza sahani aongezewe.

Treni inasemekana itafika Alhamisi. Adolphine amekwisha kushona gunia la makaa ya safari yao, na kila asubuhi anaomba wawili hao wafike salama.

"Halafu Mungu abarudishe," anasema, akipuliza moto. "Aliniambia nipende adui, na mi niko na huyu mumoja tu."