Shanga Zilizotoka Jivuni Mapema

Nakumbuka siku moja shanga zilipasuka shingoni mwa bibi harusi, mbele ya Ujiji nzima, na fundi wa shanga hizo nilikuwa mimi. Mwanangu, hadi leo nikisikia kijiti kikivunjika, nashtuka.

Enzi hizo tulikuwa tumehamia kijiji cha ujamaa, upande wa Kidahwe. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini, nikijifunza kazi kwa Mama Feza, mama wa Kikongo aliyevuka ziwa na ujuzi wake kichwani. Nyuma ya nyumba yake palikuwa na tanuri la udongo. Tulitwanga vipande vya chupa vikawa unga, tukaujaza kwenye vikombe vidogo vya udongo, katikati tukachomeka kikonyo cha jani la muhogo ili kikiungua kiache tundu. Chupa za bia zilitoa rangi ya asali, za dawa ya tumbo zilitoa buluu. (Za bia hazikuadimika hata siku moja, sisemi zaidi.) Shanga zikitoka motoni, zilifukiwa kwenye jivu la moto siku mbili, zipoe polepole, maana kioo kilichopozwa haraka hupasuka baadaye kikiguswa na baridi.

Mimi, mwanangu, nilikuwa mtu wa kupatana. Hata salamu ningeomba ipunguzwe. Nikamwahidi shangazi wa bibi harusi mmoja wa Ujiji shanga mia na ishirini kwa Ijumaa. Zikaingia jivuni Alhamisi asubuhi.

"Mama, siku mbili ni nyingi. Tufanye moja."

"Weye, jivu halina duka. Halipunguzi."

"Basi moja na nusu?"

Akacheka, akachukua jembe, akaenda shamba la kijiji. Alidhani natania.

Ijumaa alfajiri nikafukua. Zilikuwa vuguvugu kama yai linalotoka kwa kuku, na zinang'aa! Nikahesabu: mia na ishirini. Nikarudia: mia na ishirini. Nikadandia lori la mawese hadi Ujiji.

Alasiri bibi harusi alitolewa uani, shanga zangu shingoni. Nami nimesimama mlangoni, nimejaa sifa, nanusa pilau. Wanawake wakamnyunyizia marashi ya baridi.

Tak!

Nikadhani ni mtu kakanyaga kijiti. Tak! Tak! Vigelegele vikakatika. Kipande kimemchana chini ya kidevu, damu inadondokea nguo nyeupe, na yule binti ameganda, mikono hewani, haogopi kulia bali anaogopa kupumua.

Shangazi akaukata uzi kwa meno, kisha akanigeukia. "Fundi, umetuletea shanga au bisi?"



Nilirudi nikijua nimefukuzwa. Mama Feza alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza neno moja tu: "Ingekuwa jicho?"



Hakunifukuza. Alinitengenezesha shanga mia na ishirini nyingine, zikakaa jivuni siku mbili, akazitunga uzini na kunivika mwenyewe. "Siku saba," akasema. "Shingo yako kwanza."

Nikalima shamba la kijiji nimevaa mkufu wa bibi harusi. Wanaume wakauliza, "Bwana harusi anatoka wapi, bibie?" Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Lakini kila jasho liliponipoza shingo, nilisikiliza kwa hofu. Haikupasuka hata moja. Siku ya nane nikaupeleka mkufu Ujiji kwa mguu, nikaomba radhi, nikaeleza kwamba nimeuvaa mwenyewe kwanza. Yule binti aliupokea, akaniuliza nimeuvaa siku ngapi. Nikamwambia. Ndipo akauvaa.

Mwanangu, mimi nilihesabu shanga mara mbili, siku za jivu sikuzihesabu hata mara moja. Patana na mwenye duka upendavyo, hiyo ni haki yako. Usipatane na jivu. Na kazi ya mkono wako, kabla hujaiweka kwenye shingo ya mtu, ivae mwenyewe.

Mungu akupe mikono mizuri, akupe na moyo wa kungoja. Na shingo zote utakazozipamba, zirudi nyumbani salama.