Siku Nilipomwonyesha Zubeda Tororo

Sisi tuliokulia Tororo kabla simu hazijajaa mifukoni tulikuwa na desturi nyumbani kwetu: mgeni aliyekuja mara ya kwanza hakuachwa akae ndani siku ya pili. Akishakunywa chai na kabalagala, vile vichapati vya ndizi vya kukaanga, watoto walimpeleka kuuona mji. Tulipakwa mafuta miguu ikang'aa, tukavalishwa nguo za Idi hata kama Idi ilikuwa mbali. Mama alikuwa akisema, "Mgeni iko na macho. Wacha aangalie."

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja Zubeda alipoletwa. Alikuwa binti wa mama yangu mdogo, mjane aliyeuza nguo Busia, upande wa Kenya. Kwao walikuwa wawili tu. Wakubwa walishapatana: akiipenda Tororo, atabaki kwetu tusome pamoja, asipoipenda, atarudi. Mimi nilikuwa msichana peke yangu kati ya kaka wanne, na sijawahi kutaka kitu kama nilivyotaka yule mtoto abaki. Basi nilimzungusha mji kama mtu anayeomba kura.

Tulianza na maduka ya zamani ya Wahindi, yale yenye baraza, ambayo mwaka wa kujengwa umeandikwa juu kabisa ukutani. Tukaenda stesheni kuangalia mabehewa yakigongana, Zubeda akaziba masikio huku akicheka. Kiwanda cha saruji tulikitazama kwa mbali, wafanyakazi wakitoka zamu na nyusi nyeupe kama za wazee. Sokoni mama mmoja muuzaji alitulambisha odi, karanga na simsim zilizosagwa pamoja, moto bado, ikanata kwenye meno. Kila tulipofika nilimchungulia usoni. Alikuwa amefurahi, nami nikajua nimeshinda.

Hapo ndipo nilipoharibu. Mama alikuwa amesema lile jabali kubwa linalousimamia mji tumwachie baba, atatupandisha yeye siku ya Ijumaa baada ya swala, lakini sikuweza kungoja. Tulipanda wawili, ngazi za chuma zikituchoma viganja kwa jua. Juu kulikuwa na upepo na anga safi. Nikanyoosha kidole kwa majivuno.

"Unaona kule? Kule ndio kwenu."

Zubeda aliangalia kwa muda mrefu. "Mama sasa hivi anasonga ugali peke yake," akasema, kisha akaanza kulia. Alilia mpaka tukafika chini, na asubuhi yake akaomba arudishwe Busia. Nilijificha nyuma ya jiko nisimuage. Mama hakunichapa. Aliniambia tu kwamba nilimwonyesha mgeni vizuri, mpaka kwao nikamwonyesha. Nilikua nikiamini kwamba mji wangu haukumtosha, na iliniuma kwa miaka mingi.

Mwezi uliopita binti wa Zubeda, anayesoma Chuo Kikuu cha Busitema, alinitembelea mara ya kwanza. Nikavaa gauni langu zuri nimzungushe. Kumbe mji alishaumaliza kwenye simu. "Mama mkubwa, hiyo nimeiona," alisema kuhusu stesheni, kuhusu soko, kuhusu yale maduka. Kwenye jabali alikwenda kwa bodaboda, akaligeuzia mgongo, akajipiga picha, akarudi kabla chai haijapoa. Watoto wa leo husafiri na kwao mfukoni, na kwao kunapiga simu kila baada ya dakika tano. Sitaki kuwacheka sana, maana hakuna anayelia njiani. Lakini nilimhurumia kidogo.

Nikamsimulia jinsi mama yake alivyolia pale juu kwa kutoupenda mji wetu. Akashangaa, akampigia papo hapo na kunipa simu. Zubeda alinisikiliza mpaka mwisho.

"Niliupenda, dada," akasema. "Ndiyo maana nililia. Niliona nikikaa siku moja zaidi, nitamsahau mama."

Enzi zetu tungeweza kusema kilichotuzuia kuulizana ni njia, ni mpaka, ni barua kuchelewa. Lakini simu ninayo miaka mingi sasa, na namba ya Zubeda imo, na tumeongea habari za arusi, za misiba, za bei ya sukari. Hilo moja sikuwahi kumuuliza.