Maziwa ni Maziwa

Mpokea maziwa wa kituo cha ushirika ana mikono laini na sauti ya kubembeleza mtoto, lakini hamtazami mtu usoni. Hunusa ndoo, kisha humimina: maziwa mazito ya mama mjane na ya jirani yake yaliyobatizwa maji, yote pipa moja. Mashine huyasukasuka mpaka malai yasipande tena juu.

“Yangu yana malai, mwanangu,” mjane hulalamika.

“Maziwa ni maziwa, mama. Humu yote sawa.”

Leo mjane aliacha ndoo, akarudia kifuniko alichosahau. Akamkuta mpokea maziwa ameiinamia ndoo ya mjane, anachota, anajaza chupa ya mwanawe mwenyewe mchanga.

“Mbona huchoti pipani, baba? Si yote sawa?”

Mikono laini ikaifunika chupa.

“Mtoto wangu, mama,” akaiambia sakafu, “anachagua.”