Bafu la Mzee Mniko

Waisiko alikuwa ameolewa miaka ishirini na miwili, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kukaa chumba kimoja na baba mkwe wake zaidi ya muda wa kusalimia. Hawakuwa na ugomvi. Mzee Mniko alimpenda, na kila mtu kijijini alijua hivyo. Ni haya tu ya mkwe, kama ilivyo kwa Wakurya: mke wa mwanao hujibanzi naye kwenye korido, huli naye, na Mungu apishe mbali akuone ukitoka chooni umeshika kopo.

Kijijini hilo halikuwa na taabu. Nyumba ya mzee ilikuwa upande wake wa boma, ya wanawe upande mwingine. Taabu ilianza mwaka jana mwezi wa nne, mzee alipoteleza zizini akavunjika nyonga. Alifanyiwa upasuaji, akatoka na fremu ya kutembelea, ile ya alumini yenye miguu minne, na daktari akasema asikae mbali na hospitali. Ezra, mume wa Waisiko, akamleta nyumbani kwao Tarime mjini. Kisha Ezra akarudi Kenyamonta, anakofundisha shule ya msingi, maana yeye huja nyumbani Jumamosi moja moja tu. Mzee akabaki na Waisiko.

Choo cha nyumba kilikuwa nyuma, baada ya jiko, choo cha shimo cha kuchuchumaa. Mzee akitaka kwenda huko lazima apite mbele ya jiko. Waisiko akisikia fremu inagonga mawe, anaacha sufuria motoni na kujificha nyuma ya ghala la mahindi mpaka apite, halafu asubiri tena mpaka arudi. Ugali uliungua mara ngapi, hakuhesabu. Na alijua mzee naye alikuwa anajibana, anavumilia tangu alfajiri mpaka asikie geti limefungwa, Waisiko ameshaondoka kwenda kwenye kibanda chake cha maziwa karibu na stendi. Mtu wa miaka sabini na tisa, mwenye chuma nyongani, anachuchumaa juu ya shimo huku ameshika ukuta. Jambo hilo lilimuuma, na hakuwa na namna ya kulizungumza naye.

Kando ya chumba cha mzee kulikuwa na bafu la zamani lililogeuzwa stoo. Waisiko akaamua: hilo litengenezwe, liwekwe choo cha kukaa, bomba la mvua, vyuma vya kushikilia ukutani, na mlango unaotokea moja kwa moja chumbani kwa mzee. Mlango wa zamani, ule wa sebuleni, uzibwe. Mzee aamke, ajisaidie, aoge, arudi kitandani, bila kumwona mtu wala kuonwa.

Fundi aliyependekezwa aliitwa Vincent. Alikuja na pikipiki safi na simu iliyojaa picha za mabafu, marumaru zinang'aa kama sahani.

"Hili la Mwanza. Hili la Sirari, la tajiri mmoja ana maduka pande zote mbili za mpaka," alisema, kisha akamwita Waisiko kwa jina la mwanawe. "Mama Gati, wiki mbili tu nakukabidhi funguo."

Akataja milioni moja na laki nane, vifaa na kazi. Waisiko alitoa akiba yake, akaongeza mkopo wa kikoba.

"Fundi, kitu kimoja tu nakuomba usisahau," alimwambia siku ya kwanza, akiwa amesimama ndani ya ile stoo na chaki mkononi. Akachora mlango kwenye ukuta wa chumba cha mzee. "Mlango ni hapa."

"Nimekuelewa, mama."

Wiki ya tatu Waisiko alirudi kutoka kibandani akakuta marumaru zimeshapandishwa mpaka nusu ya ukuta. Zilikuwa nyeupe, nzuri kweli. Mchoro wake wa chaki ulikuwa chini ya marumaru. Mlango wa sebuleni ulikuwa umewekewa fremu mpya ya mbao, unatazama kochi.

"Mlango wa mzee uko wapi?"

Vincent alikuwa ananawa saruji mikononi. "Mama Gati, ule ukuta una nguzo. Nikaona pia, mgeni akija akataka choo apite wapi, chumbani kwa mzee? Hapa panapendeza."

"Mimi sijengi choo cha wageni. Nilikuchorea!"

"Tunaweza kuuweka. Ila ni kazi nyingine hiyo. Kukata ukuta, kununua mlango wa pili, marumaru nyingine. Laki tatu."

Waisiko alimpigia Ezra. Ezra alisema, kwa sauti ile ya mwalimu anayesahihisha madaftari huku anaongea, kwamba asigombane na fundi kazi ikiwa katikati, atawaachia nyumba wazi. Waisiko akalipa laki tatu. Kisha ikaja saruji iliyopungua. Kisha bomba la kwanza halikuwa saizi. Kisha choo chenyewe: kile cha bei ile hakipatikani Tarime, kinachopatikana kimezidi laki na nusu. Kila mara Vincent alikuja na maelezo yaliyopangika vizuri kiasi kwamba Waisiko alijiona mkorofi kuuliza. Wiki mbili zikawa tisa, na ile milioni moja na laki nane ikawa milioni tatu na kidogo. Ng'ombe wazuri watatu, hata wanne, wangenunulika kwa pesa ile.

Siku ya kukabidhiwa, Ezra alikuwepo. Alifungua maji, akafunga, akasema limependeza. Jioni akampeleka baba yake kuliona. Waisiko akabaki jikoni, kama inavyompasa, akisikiliza dirishani.

Alisikia fremu ikigonga kitu. Ikagonga tena.

"Haipiti," sauti ya mzee ilisema.

Mlango ule wa laki tatu ulikuwa mwembamba kuliko fremu ya mzee. Vincent alikuwa amekata kulingana na mlango aliopata kwa bei rahisi, mlango wa stoo, na hakuna aliyempa fremu apime. Waisiko alijilaumu kwanza, halafu akaacha kujilaumu, maana fremu ile ilikuwa imesimama kando ya kitanda cha mzee wiki zote tisa, mbele ya macho ya fundi.

Mzee akajaribu kuingia bila fremu. Alishika ukuta, akaketi, akaoga. Alipotaka kuinuka akavuta chuma cha ukutani, na chuma kikang'oka na skrubu zake na kipande cha marumaru. Ezra alimdaka. Na maji yaliyopaswa kwenda kwenye tundu la sakafu yalikuwa yanakwenda upande wa pili, taratibu, yakipita chini ya mlango mwembamba kuelekea chumbani. Usiku ule mzee alilala viatu vyake vikiwa juu ya kiti.

Asubuhi, Ezra akiwa ameshapanda gari la kurudi kazini, Waisiko alisikia fremu ikipita tena mbele ya jiko kuelekea choo cha shimo. Akakimbilia nyuma ya ghala. Alisimama pale amefumbata mwiko, akalia kwa hasira.

Akampigia Vincent mara kumi na moja. Siku ya nne akaja, akiwa na kibegi kidogo cha zana na uso wa mtu aliyesumbuliwa.

"Mama Gati, sakafu ile itakaa sawa. Saruji bado inatafuta mahali pake."

Kabla Waisiko hajapata la kujibu, sauti ilitoka chumbani. "Mura, kijana! Njoo huku."

Waisiko akarudi jikoni upesi, akasimama pembeni ya dirisha. Vincent akaingia kwa mzee.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Chukua hii fremu yangu. Ishike kama ninavyoishika mimi. Haya, ingia bafuni kwako."

"Mzee, nimeshaliona tatizo..."

"Ingia."

Chuma kikagonga mbao. Kikagonga tena. Vincent akasema ataikunja.

"Haikunjwi. Igeuze ubavu."

Waisiko alisikia miguu ikiburuzwa, na mtu akihema, na fremu ikikwaruza ukuta.

"Umeingia? Keti hapo kwenye choo. Mguu wako wa kulia umekufa, huukanyagii. Sasa inuka."

Kiganja kikapapasa marumaru.

"Utashika nini?" mzee aliuliza. "Kile chuma kiko pale sakafuni. Nikabidhie bafu, kijana. Nionyeshe ninavyoamka."

Vincent alipotoka nje hakumtazama Waisiko usoni. Aliahidi Jumatatu, bila gharama yoyote, na akaacha kibegi cha zana kama rehani. Waisiko akakifungua baadaye: mwiko wa kupigia plasta uliovunjika mpini, na koleo moja lenye kutu.

Jumatatu ikapita, na Jumatatu nyingine. Simu ilikuwa inaita kisha inakatwa, halafu haikuwa inaita kabisa. Ni Judith, jirani yake anayeuza mitumba, aliyemwambia kwamba alimwona Vincent huko Nyangoto, anajenga mabafu ya gesti mpya ya wageni wanaofuata kazi za mgodini.

Waisiko alifunga kibanda siku ya Jumatano, akapanda gari la Nyangoto. Gesti hakuitafuta sana, ilikuwa na rundo la marumaru mlangoni. Mwenye gesti alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani, Theodora, aliyekuja kutoka Shinyanga kufuata biashara ya dhahabu. Alikuwa amekaa kwenye stuli anawahesabu mafundi kwa macho. Waisiko alimsalimia, akajitambulisha, akauliza kama Vincent yupo.

"Yupo juu. Unamdai?"

"Simdai. Nataka uone kitu."

Akatoa simu, akamwonyesha picha alizopiga Ezra usiku ule: chuma sakafuni, fremu imekwama mlangoni, dimbwi la maji chini ya kitanda cha mzee. Theodora aliziangalia moja moja, akivuta picha kubwa kwa vidole viwili. Halafu akapaza sauti.

"Vincent! Hebu shuka."

Vincent alishuka akamwona Waisiko, akasimama ngazi ya tatu kutoka chini.

"Mimi vyumba vyangu kumi na vinne," Theodora alisema. "Maji yataelekea wapi? Kwenye mabegi ya wageni?"

"Mama, ile kazi nyingine ilikuwa na shida zake..."

"Leta ndoo ya maji. Tumwage hapa chumba cha kwanza, wote tuangalie."

Walimwaga. Maji yalikwenda kwenye tundu, vizuri kabisa, yote, bila kubaki tone. Hapo ndipo hasira ya Waisiko ilipopanda. Kumbe anajua! Anajua mteremko, anajua kupima. Kwake yeye hakujisumbua tu, kwa sababu alikuwa mama peke yake mwenye maziwa ya kuuza, na mume yuko mbali.

"Kesho unakwenda Tarime," Theodora alimwambia Vincent. "Ukirudi na barua ya huyu dada kwamba ameridhika, utaendelea na kazi. Usiporudi nayo, nitatafuta mwingine."

Alikwenda. Alifanya kazi siku tatu mfululizo, bila maneno. Alipanua mlango, akachimbia vyuma kwa nondo mpaka ndani ya tofali, akavunja sakafu yote. Marumaru za sakafu zilivunjika nazo, na Vincent akasema, kwa sauti ndogo, kwamba za kufanana nazo zitahitaji kununuliwa.

"Siongezi shilingi," Waisiko alisema. "Weka saruji."

Kwa hiyo bafu la Mzee Mniko lina kuta nyeupe zinazong'aa na sakafu ya kijivu kama ya zizi la kisasa. Mlango wa sebuleni umefungwa kwa ufunguo, kabati la vyombo limesogezwa mbele yake. Waisiko aliandika ile barua, mistari miwili, na hakusema ameridhika, alisema kazi imerekebishwa.

Jumamosi Ezra alikuja. Alikaa na baba yake, kisha akaja jikoni kupeleka ujumbe, maana ndiye mjumbe wao.

"Mzee anasema ahsante sana. Anasema sakafu ya saruji ni nzuri kuliko ile ya kwanza, haitelezi."

"Sakafu ya saruji," Waisiko alisema. "Fundi yeyote wa mtaa huu angeimwaga kwa siku moja."

"Lakini limekwisha, mama Gati. Usiendelee kulibeba moyoni."

"Kikoba nitalipa mpaka mwezi wa kumi. Niache nikasirike, mwalimu. Nimelilipia."

Ezra alivua shati, akachukua taulo kwenye kamba, akaenda kumsugua baba yake mgongo.