Seva ya Wariara

Wariara, fundi wa kompyuta, alikuwa mtu wa kinyaa, na simlaumu. Ungeziona kibodi za saiba ya Bhavik, duka lake la intaneti pale Nakuru mwaka wa 2007, zimeganda mafuta ya sambusa, nawe ungekimbilia sabuni. Alizipangusa kwa spiriti kila asubuhi. Lakini kilichomtia kichefuchefu zaidi ni dawa moja ya mafundi wa mji ule: format, yaani kufuta kila kitu na kuanza upya. Virusi, format. Printa imekwama, format. Ndiyo maana alikaa miezi akiijenga seva ya Linux, kompyuta iliyogawia nyingine mtandao, faili baada ya faili, akamwomba Bhavik asiiguse kamwe.

Siku moja mtandao ukaanza kukatika-katika. Wateja wakaondoka wakinung'unika. Bhavik akailaumu Linux, akasema mtandao usipotulia kufikia jioni, anaifuta seva na kurudisha Windows. Wariara alijua kosa ni la kampuni iliyowauzia mtandao, ila fundi wao, Kipketer, alikataa kuinuka kitini kabla ya kutumiwa matokeo ya traceroute, ile amri inayotaja jina la kila mtambo ambao data hupitia njiani. Akaiandika. Ikataja mtambo wa kwanza, ikafika wa pili, ikafa. Akarudia, ikafa palepale.

Hakuwa mtu wa kubahatisha. Aliiambia ionyeshe nambari za mitambo bila kuuliza majina, ikafika mwisho salama, na ikaonekana wazi kwamba data inapotelea kwenye mtambo wa pili, wa kampuni. Basi kilichokuwa kikiiua ni jina. Akaliuliza jina hilo peke yake, na lilipotokea alisonya. Kampuni iliubandika mtambo wake jina refu kama tangazo la redio, sifa zao zote na simu yao humo humo, na programu ilikuwa ikijaribu kulimeza inapaliwa. Alimtumia Kipketer zile nambari. Akajibiwa kwamba bila majina hazipokelewi.



Akaenda ofisini kwao kwa miguu, akamsimamia Kipketer mpaka naye akaiandika amri ile kwenye kompyuta yake. Ikafa. Kipketer akakohoa, akalifupisha jina, kisha, kwa kuwa hakuwa tena na pa kujificha, akaenda kuukagua mtambo wenyewe. Waya ulikuwa umelegea. Akaukaza, basi.

Wariara alirudi nusura akimbie. Alikuta saiba imejaa, kurasa zinafunguka, Bhavik yuko kaunta anapokea pongezi.

"Wariara, kuja uone," akamwambia. "Nilichoka kungoja jioni. Nimeformat hiyo server yako na net imerudi."

Akaitazama skrini. Hapakuwa na faili yake hata moja. Alipoanza kueleza habari ya waya, Bhavik alimshika bega kwa upole, mbele ya wateja wote.

"Usione haya," akasema. "Kila fundi anajifunza pole pole."