Nani Atalala Boyeri

Plani ya nyumba yetu niliichora mimi, kwa mkono wangu, na hilo ndilo linalonichoma zaidi. Baba hakujua kushika lati, ile rula ya kupigia mistari. Kwenye mashine ya kuandika ya biro, yaani ofisini kwake, alikuwa na vidole vyepesi kuliko makarani wote, lakini kupiga mstari ulionyooka kwa penseli kulimshinda. Mwaka ule masista wa shule yetu walikuwa wametufundisha jometri. Basi Jumapili moja baada ya misa aliondoa sahani mezani yeye mwenyewe, jambo ambalo sikuliona kabla wala baada ya siku ile, akatandaza karatasi kubwa aliyoitoa kazini na kuniambia, "Kaa hapa. Minye nitasema, weye utachora."

Tulikuwa tunakaa mtaa wa Mulongwe, karibu sana na mto wenye jina hilo. Kila majira ya mvua mto uliingia ndani bila kupiga hodi, tukapandisha magodoro juu ya meza na kungoja maji yachoke. Sasa Baba alikuwa amepata parseli, kiwanja cha kujenga, kule Kasenga, mahali pakavu, na nyumba nzima ilikuwa na furaha. Mimi pia, siwezi kudanganya. Nilitaka chumba chenye meza na mlango wa kufunga, basi. Wasichana wa sekondari tulikuwa wachache, na jioni nilisomea jikoni katikati ya sufuria, pembeni ya tate wangu, mama yake mama, ambaye alikuwa na tabia ya kugombana na kuni mbichi kwa sauti. Kaka yangu mkubwa, aliyeacha shule ili acheze mpira na kulala mchana, alikuwa na chumba chake.

Sikuwahi kumwambia mtu kwamba nakitaka. Mimi ni muntu wa kunyamaza. Sista mmoja aliwahi kuniuliza kama nimeacha ulimi nyumbani.

Baba alifumba macho ndipo akaanza. Kabla ya uhuru, kabla hajawa karani, alikuwa boyi, mtumishi wa nyumbani, wa Mzungu mmoja wa mambo ya kilimo, katika nyumba ya mawe iliyotazama ziwa. Miaka yote ile alipaka nta sakafu za nyumba ile akiwa amepiga magoti, na nadhani aliijua kwa magoti kuliko kwa macho.

"Unaingia kwa barza," alisema. "Barza kubwa. Halafu salo, pa kukaa wageni. Huku kushoto wanakula. Hapana, si hapo, weye unaziba mlango. Madame alikuwa anapita hapa na maua yake."

"Madame ataishi na sisi?" aliuliza baba mdogo, ndugu yake, ambaye alikuja kila Jumapili kwa ajili ya chakula na hakukosa neno.

"Nyamaza. Chora kulwari. Hiyo ni njia ya ndani, ndefu, vyumba vinafunguka huku na huku."

Nilichora kulwari. Nilichora chumba cha wazazi, ambamo dada yangu mdogo bado alilala, chumba cha kaka yangu na mdogo wetu wa kiume, biro ya Baba, na depo ya kuweka unga. Nilichora choo cha ndani, ingawa Kasenga yote wakati ule hapakuwa na bomba la kukipelekea maji.

"Choo ndani ya nyumba," alisema baba mdogo. "Kaka, na harufu itatokea wapi?"

"Wazungu banaenda ndani."

"Ndiyo sababu madirisha yao yalikuwa wazi siku nzima."

Hata Baba alicheka. Mimi nilikuwa nangoja. Karatasi ilikuwa imejaa, na nilifikiri labda kile changu anakiweka mwisho kwa sababu ni kidogo. Akafungua macho, akaweka kidole chini kabisa ya karatasi.

"Sasa hapa nyuma acha kiwanja. Chora boyeri."

Boyeri ni kile kibanda cha matofali kilichokuwa nyuma ya kila nyumba ya Mzungu, pale alipolala boyi. Baba alinieleza kwa utaratibu, kama mtu anayefundisha sala. Chumba kimoja. Mlango mmoja. Hakuna dirisha, ni tundu tu la hewa juu karibu na mabati. Mlango hautazami nyumba kubwa, unatazama ukuta wa nyuma, ili boyi asimuone Madame akikaa kwenye barza na nguo fupi.

Mama alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha vyombo. "Sisi hatuna boyi," alisema.

"Nani amesema boyi? Atalala mama yako na huyu."

Huyu ni mimi. Penseli ilikuwa mkononi mwangu.

Yeyote wa kwetu ataona alivyojificha vizuri nyuma ya mila. Mkwe na mama mkwe hawalali chini ya bati moja, hawatazamani usoni, hawali pamoja. Baba akitaka kumwambia tate kwamba mvua inakuja, anamwambia mama, na mama anamwambia tate aliyekwisha kusikia. Na msichana hulala na tate wake mpaka aolewe. Ni heshima, na mimi siikatai. Lakini Baba alichukua heshima hizo mbili akazifunga pamoja kama kuni, akatutupa nazo nyuma ya nyumba, kwenye kile kibanda, kwa sababu tu katika kichwa chake nyumba haikamiliki bila kibanda.

Mama alijaribu kidogo. "Hakuna hewa mule."

"Minye nililala mule tangu ujana wangu," alisema Baba. "Nilikufa?"

Nilichora. Nilipiga mistari ya kile kibanda vizuri kuliko mistari yote mingine, na nilikuwa nauma mdomo kwa ndani. Hakuna aliyeona, maana mimi nikikasirika nafanana tu na mtu anayefikiri hesabu.

Tate alipoambiwa, swali lake lilikuwa moja tu: mlango unatazama wapi. Mama akamwambia. Tate akaendelea kuchambua sombe, majani ya muhogo ya jioni ile.

"Kwa baba yangu, mama mukwe alijengewa karibu na njia," alisema, "wapitao wamusalimie. Huyu wako ananificha kama mbuzi ya wizi. Umuambie."

"Nitamuambia," mama akajibu, na sote watatu jikoni mule tulijua kwamba hatamwambia. Mimi nikamtazama mama kwa muda mrefu, akaelewa. "Na weye usininunie," aliniambia. "Utaolewa. Nyumba ni ya wale banaobaki." Nilitaka kumuuliza kama kaka anabaki kwa sababu anapenda nyumba au kwa sababu hakuna anayemtaka. Nikamenya vitunguu vyote, hata vya kesho.

Siku ya kupima tulikwenda sote Kasenga. Fundi wa kujenga alikuja na kamba na vigingi, Baba akashika plani yangu, akatembea juu ya majani matupu akisema, "Hapa nafungua mlango. Hapa kabati. Hapa unageuka." Alikuwa anageuka kweli, akikwepesha bega lake lisiguse viti ambavyo havikuwapo. Majirani wapya walikuja kutazama, wakiwa na watoto mgongoni.

"Eh, karani," mmoja wao alisema, "sasa weye ni Mzungu wetu. Barza iko, biro iko, boyeri iko. Na boyi?"

Baba mdogo akaninyooshea kidole. "Si huyu hapa? Hata mushahara haulizi."

Walicheka. Wanawake walicheka, kaka yangu akashika tumbo, fundi akacheka huku kigingi kikiwa mdomoni. Na Baba akacheka. Kama asingecheka labda ningesamehe. Nilishika mwisho wa kamba, nikaivuta mpaka fundi akaniambia nilegeze.

Walijenga boyeri kwanza. Ndivyo mafundi wanavyofanya: kibanda kidogo kinatangulia ili simenti na majembe yapate pa kulala. Msingi wa nyumba kubwa ulikuwa umechimbwa, haujapanda, mvua ilipokuja kwa nguvu na mto Mulongwe ukabomoa ukuta wa nyuma wa nyumba yetu ya zamani. Tukahamia Kasenga na vyombo vyetu kichwani. Sote. Boyeri ambayo ilikuwa ndogo kwa watu wawili ikapokea saba.

Mama alitundika kikwembe, kitambaa chake cha kujifunga, katikati, huku Baba na watoto wa kiume, huku tate na mama na mimi na dada yangu mdogo. Mlango mmoja ulikuwa upande wetu. Kwa hiyo asubuhi Baba, karani mwenye tai, alisimama nyuma ya kikwembe akikohoa, akingoja tate avae, ajifunike, ageuke ukutani, ndipo apite. Tate hakuwa na haraka. Siku nyingine nilimuona anatafuta kitambaa cha kichwa ambacho tayari kilikuwa kichwani.

Halafu uasi wa kuipinga serikali ukafika. Tulisikia kwanza kwamba uko kwenye bonde la Ruzizi, halafu milimani, halafu askari wa serikali wakaondoka na magari yao bila kuaga mtu. Biro alikofanya kazi Baba ikafungwa. Vijana wa uasi walikuwa wanatafuta makarani, wakisema kwamba hao ndio walioula uhuru peke yao. Karani mwenzake Baba alichukuliwa nyumbani kwake akiwa anakunywa chai, na hakurudi. Baba akazika tai, miwani na viatu chini ya matofali, akavaa kaptula ya kaka iliyochanika.

Walikuja kwetu adhuhuri, vijana watatu, majani yamefungwa kichwani, mmoja na bunduki, wawili na mikuki. Yule wa bunduki alikuwa na umri wa kaka yangu. Alisimama juu ya msingi, akatazama mitaro ya vyumba vyote vile.

"Nyumba kubwa hii ya nani?"

Baba alikuwa ametoka kwenye boyeri. Kichwa kilikuwa kimeshuka, mikono iko nyuma. "Ya karani, bwana. Yeye alivuka, iko Bujumbura."

"Na weye?"

"Minye ni boyi wake. Nachunga matofali."

"Boyi wa muntu mweusi?"

"Ndiyo, bwana."

Kijana akawageukia wenzake. "Mumesikia? Huo ndio uhuru wao." Akamwambia Baba, "Mukubwa wako akirudi, umuambie hii nyumba ni yako sasa."

"Nitahamia, bwana, itakapopata ukuta."

Walicheka wote watatu. Wakachukua kuku wetu, wakaenda zao. Vijana wale hawakumjua Baba, Kasenga tulikuwa wageni, na majirani waliomjua walikuwa ndani wamefunga milango. Mama akakaa chini palepale alipokuwa. Kwa mara ya kwanza tate alimtazama mkwe wake usoni, kisha akaona amefanya nini, akageuka.

Mimi nilimshukuru Mungu, hilo nalo ni kweli. Lakini nilikuwa nimeona jinsi neno lile, boyi, lilivyomtoka. Hakulitafuta. Mikono ilienda nyuma yenyewe, sauti ikapanda kidogo, ikawa laini. Nikamhurumia mpaka machozi, na kabla bugali haujaiva huruma ile ilikuwa imegeuka hasira. Kwa sababu basi alijua. Alijua vizuri sana ni kitu gani alichoniambia nichore.

Nikafikiri kwamba baada ya siku ile hatasema tena neno boyeri. Miezi ikapita, tukapika na kulala na kukohoa nyuma ya kikwembe. Askari wa serikali waliporudi na mambo yakatulia kiasi, biro haikumwita Baba kazini. Fundi akaja na mwiko wake, akakaa juu ya tofali, baba mdogo naye akiwapo, akauliza kama plani ni ile ile.

"Ile ile," akasema Baba.

Nilikuwa nawaletea maji ya kunywa. Nilisikia mtu anasema "Hapana," na ilikuwa ni mimi.

Kwetu msichana hasemi mambo ya nyumba mbele ya fundi. Baba mdogo alitoa kikombe mdomoni. Kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha.

"Nini hapana?" Baba akauliza.

"Biro. Ile ni chumba yangu." Sauti yangu ilikuwa mbaya, kama ya jogoo mdogo. "Weye hauna kazi tena. Biro ya nini? Minye niko na shule."

Fundi akaanza kutazama mwiko wake. Baba hakunipiga. Uso wake ulikuwa kama siku ile mbele ya bunduki, na nikaona kwamba nimempiga pale pale panapomuuma, lakini sikufuta neno hata moja.

Jioni mama alinilazimisha nipige magoti niombe msamaha. Niliomba msamaha wa kusema mbele ya watu. Mama akangoja niendelee, sikuendelea. Baba akasema tu, "Ondoka hapo," na kwa wiki nzima hakuniambia kitu. Akitaka maji alimwambia mama, na mama aliniambia mimi niliyekwisha kusikia.

Kuta zikapanda. Biro ilikuwa na mlango wake wa nje, upande wa njia, ili wageni wa karani wasipite salo. Juzi nilirudi kutoka shuleni nikakuta fundi anaziba nafasi ya mlango ule kwa matofali, na ametoboa mwingine ndani, kwenye kulwari, mkabala na chumba cha wazazi. Nikamuuliza kwa nini.

"Baba yako amesema," alijibu bila kugeuka. "Amesema msichana halali chumba chenye mlango wa njia."

Baba alikuwa kwenye kona ya parseli anapanga mabati. Alinisikia nauliza, akainua bati jingine. Hakuuliza kama nataka mlango ule ama hapana, na tate bado analala kule nyuma, akitazama ukuta. Niliingia, nikasimama kati ya kuta nne zisizo na paa, nikapima kwa mikono mahali pa meza. Hasira haijaisha. Meza itaenea, na kitanda pia.